Mtani, Usiniletee Windows

Same
12 Machi 1997

Kwa Eva, Mchagga uliyekimbia mlima ukaenda kuwauzia Wasukuma upepo,

Barua yako nimeipata. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza, maana meza ilikuwa inacheza. Sasa imetulia. Usije ukasema barua zako hazina faida.

Huku hatujambo ila mvua hakuna. Mary anakusalimu. Ofisi yangu iko palepale nyuma ya stendi, mlango wa bluu, kiti kimoja cha mteja, printa inayopiga kelele kama mashine ya kukoboa, na kompyuta yetu ileile ya DOS. Nasema yetu kwa sababu tuliitumia pamoja miaka mitano, wewe asubuhi mimi mchana, mpaka shamba la mkonge lilipouzwa na sisi makarani tukaambiwa asanteni, kwaherini. Wewe ulinipisha nikaichukua. Hilo ndilo jema moja ulilofanya duniani, na umelifanya kwa bahati mbaya.

Unaniandikia kurasa tatu kuisifu Windows. Windows nimeiona, mtani. Kuna kijana anaitwa Yahaya katoka Dar, amefungua ofisi mlango wa pili kutoka kwangu. Ana kompyuta ya Windows, ana kipanya, anachapa kadi za harusi zenye maua na njiwa wawili wanaobusiana. Watu wanapanga foleni kwa ajili ya hao njiwa. Kwangu wamebaki wazee wenye kesi za mipaka, mihtasari ya vikao, na kamati ya ndiva yetu. Unaikumbuka ndiva, lile bwawa letu la mlimani uliloliita bakuli la mbwa. Tangu soko liwe huria kila mtu juu kule analima nyanya za kuuza Moshi, na maji ni yaleyale ya mababu. Bila orodha ya zamu za maji iliyochapwa watu watakatana mapanga. Orodha hiyo naichapa mimi kila Jumatatu.

Sasa nisikilize. Mashine yangu ukiiwasha inalia mara moja, kioo kinakuwa cheusi, halafu inakungoja. Unaiandikia neno, inatii. Hiyo Windows yako imebandikwa vipicha kama ukuta wa shule ya chekechea, na mtu mzima anakaa kufukuza kimshale kama anafukuza nzi. Kila ukitaka kufanya jambo inakuuliza, je, una uhakika? Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nina uhakika.

Umesema unataka kuniletea moja. Nashukuru, ila usilete. Nimeridhika na hii.

Ni mimi mtani wako,
Humphrey


Mwanza
3 Aprili 1997

Kwa Mpare mbishi, mla makande,

Jamani! Mtu anapewa ng'ombe wa bure anauliza mkia wake mbona mrefu. Ndiyo maana mtani wenu yeyote anajua: Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushinda kesi ya kuku.

Nikueleze pole pole kama nawaeleza wanafunzi wangu. Darasa langu hapa Mwanza lina watu kumi na wanne. Yupo mama anayeuza samaki, yupo mwalimu mstaafu, yupo katekista. Nilianza kuwafundisha DOS kama tulivyojifunza sisi. Wiki ya kwanza wakabaki tisa. Ukisahau neno moja umekwama, ukiweka nukta mahali sipo mashine inakutukana kwa Kizungu. Kumbuka wewe mwenyewe ulivyofuta orodha ya mishahara ya watu mia nne, ukajifungia chooni, mimi ndiye nikaenda kusema kwa meneja kwamba umeme ulikatika.

Nilipoleta Windows, wote wakarudi. Yule mama wa samaki siku ya pili kaandika barua kwa mwanawe aliyeko jeshini. Siku ya pili, Humphrey! Hakuna cha kukariri. Kila kitu kimewekwa mbele ya macho yako. Faili ina picha ya karatasi, pa kutupia takataka pana picha ya ndoo. Ukikosea unarudisha. Ukitaka herufi kubwa unaziona kubwa palepale kabla hujachapa. Kazi ya mtu ni kutazama na kubonyeza. Mwenye macho amemaliza.

DOS ni ya makarani kama sisi, tuliokaa miaka na kijitabu cha amri mfukoni. Mtu wa kawaida hana miaka hiyo. Na huyo Yahaya atakula ofisi yako mpaka mlango wa bluu, wewe umekaa unajivunia kioo cheusi. Nani atalisha nyumba yako? Mary auze mkaa?

Kwa hiyo naleta. Nimeipata moja nzuri, ina kipanya na ina rangi. Nasubiri lori la kuja huko. Kataa kama kawaida yenu, halafu upokee kama kawaida yenu.

Mtani wako mwenye huruma,
Eva


Same
21 Aprili 1997

Eva,

Naomba tuache utani kwa barua hii moja. Moja tu, halafu tutaendelea.

Macho yangu yanakufa. Jicho la kushoto halioni tangu mwaka jana mwezi wa nane. La kulia limebaki na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia dunia kwa bomba la mpapai. Daktari wa Moshi amesema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka pole pole. Sijamwambia mtu. Mary anajua ninahitaji miwani tu. Watoto hawajui. Wewe ni wa kwanza, na nimekuambia wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu mtani ndiye anayeambiwa lisiloambiwa ndugu.

Utaniuliza nachapaje. Nachapa kwa vidole, Eva. Ile mashine ninaijua kama ninavyoijua njia ya chooni kwangu gizani. Kuhifadhi ni kitufe cha kumi, kuchapa ni shifti na cha saba. Nikitaka orodha ya ndiva nafungua mafaili, nashuka mara tatu, naingia. Sihitaji kuona. Printa naisikiliza, mstari ukiisha inavuta pumzi.

Na wateja? Mteja akileta karatasi yake namwambia, "Isome mwenyewe kwa sauti, nisije nikakosea neno lako." Wanapenda! Mzee mmoja wa kijiji cha Kisiwani alinisomea kesi ya shamba la marehemu baba yake akalia, akasema hakuna karani aliyewahi kumsikiliza hivyo. Nikajisikia mwizi. Lakini barua yake ilitoka safi.

Ndiyo sababu nasema usilete. Windows nimeijaribu kwa Yahaya, nikajifanya natania. Nilishika kipanya nikakizungusha, sikujua kimshale kiko wapi, juu, chini, au kimetoka nje kimekwenda zake kijiji cha Bendera. Pale kila kitu kinataka jicho. Kwenye ile ya zamani mimi ni karani. Kwenye hiyo mpya mimi ni kipofu, na mji mzima utajua siku hiyohiyo.

Mwanangu mdogo ana miaka miwili ya shule imebaki. Nikifika hapo naridhika, hata giza lije lote. Nipe hiyo miaka miwili.

Najua nilishakudanganya mengi. Hii siyo utani.

Humphrey


Mwanza
16 Mei 1997

Mpare, Mpare, Mpare!

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza nimepata nini. Halafu nikalia kidogo pale kwenye bomba la mpapai, nakiri, maana uongo wako siku zote umepikwa ukaiva. Halafu nikakumbuka ninaongea na nani.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa likizo Kibosho. Ukamtuma mlinzi wa shamba aje kuniambia umekufa ghafla. Nilishuka mlimani juu ya lori la ndizi, nimejifunga kanga kichwani, nalia kuanzia Moshi mpaka getini. Nakukuta unakunywa uji. Ukaniambia, "Nilitaka kujua kama utalia." Na yule mlinzi uliyemtuma alisema maneno gani? "Mama, hii siyo utani." Maneno hayohayo!

Nami nikalipiza, kwenye mazishi ya mama yako nikaingia kaburini nikalala, nikagoma kutoka mpaka mnipe mbuzi. Ukanipa mbuzi kilema. Tuko sawasawa mpaka leo, kwa hiyo safari hii hunipati.

Nikuambie umekosea wapi? Umenichapia kurasa mbili nzima. Nimezipitia kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Hakuna kosa. Koma zote zipo mahali pake. Kipofu gani huyo, mtani? Hata mimi mwenye macho manne siwezi.

Sema tu unaogopa kipanya. Hata mama wa samaki alikiogopa asubuhi, jioni akawa anakipigia hodi.

Mashine imeshaondoka. Ameichukua shemeji yangu Asheri, dereva wa lori la dagaa, anapita hapo kwenda Tanga. Usijali ikinuka. Nimemfundisha waya zote, na atahamisha mafaili yako kwa diski. Ile ya zamani atarudi nayo, nataka niiweke mbele ya darasa wanafunzi waone wazazi wetu walivyoteseka. Printa yako baki nayo.

Ukishazoea utaniandikia barua yenye maua na njiwa. Nitaibandika ukutani.

Eva


Same
12 Juni 1997

Eva,

Kompyuta imefika. Asheri alikuja mimi nikiwa mlimani, tulikuwa na msaragambo wa kijiji kizima kuzoa tope la ndiva. Mary alimpokea, akampa ile ya zamani. Niliporudi lori lilikuwa limeshaondoka.

Mary amefurahi sana. Ameishonea kitambaa.

Asante.

Humphrey


Mwanza
2 Julai 1997

Mtani,

Barua yako ya mistari minne imeniumiza kuliko matusi yote ya miaka kumi. Hukuniita mwizi. Hukuniita Mchagga. Asante? Wewe na mimi tangu lini tunaambiana asante?

Na umeandika kwa mkono, mistari imepandana kama mbuzi kwenye lori. Umekasirika hivyo? Kama umekasirika nitukane basi, nipumue.

Niandikie. Nakungoja.

Eva


Same
31 Agosti 1997

Kwako wifi Eva,

Mimi ni Mary, mke wa Humphrey. Hatujawahi kuandikiana. Naandika kwa sababu nimesoma barua zenu. Alikuwa anaziweka pamoja na nakala za zile anazokuandikia, kwenye faili la shamba la mkonge.

Tangu mashine yako ije aliniomba nishinde naye ofisini. Alisema ni ya thamani, inahitaji watu wawili. Mimi nilibaki namsomea, bonyeza hapa, sogea pale. Nilidhani anajifunza. Nilijisikia mwenye bahati, nikimfundisha mume wangu kitu. Wateja wakaona ni mimi, mama Asnathi, ninayeshika kipanya, wakaanza kupungua.

Jumatatu ya tarehe 4 mwezi huu nilikuwa nimekwenda kumzika shangazi Kisiwani. Wazee wa ndiva wakaja, yuko peke yake, na mafaili nilikuwa nimeyaacha wazi kwenye kioo. Akashuka mara tatu kama alivyozoea kwenye ile ya zamani, akaingia, akachapa, akawagongea muhuri. Ilikuwa orodha ya mwaka jana. Mafaili yalipohamishwa mpangilio ulibadilika, naye hakuona.

Kwenye orodha ya mwaka jana zamu ya Alhamisi ni ya Gregori. Mwaka huu ni ya Mwanamkasi, mjane, aliyepewa baada ya mumewe kufariki. Wote wawili walikwenda kufungua maji asubuhi ileile na jembe mkononi. Kila mmoja anasema ni yake, na Gregori ana karatasi yenye muhuri. Shemeji yake Mwanamkasi, aliyekuwa amemsindikiza, akamkata Gregori mkononi kwa panga. Yuko hai, lakini vidole viwili havifanyi kazi. Na nyanya za yule mama zilikauka, kwa sababu kamati ilifunga maji wiki mbili.

Wakamwita Humphrey juu. Nilikwenda naye. Mzee Tumainieli, mwenyekiti, akampa karatasi akamwambia, "Karani, tusomee orodha yako ya mwaka huu, tuone tatizo liko wapi." Humphrey akasimama. Akasoma majina yote thelathini na sita, siku na saa, jina la Mwanamkasi mahali pake Alhamisi, hakukosea hata moja. Alisoma vizuri. Nami nilidhani wamemwelewa.

Karatasi ilikuwa nyeupe, wifi. Haikuwa na kitu. Mzee alikuwa na wasiwasi naye, akampa karatasi tupu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee Tumainieli alimshika mkono akamkalisha, akasema, "Mwanangu, kwa nini hukusema?" Ndipo nilipojua. Miaka kumi na tisa nalala naye kitanda kimoja, nimejua siku moja na kijiji kizima.

Nyumbani nikafungua lile faili nikasoma barua ya mwezi wa nne. Alikuambia wewe. Mimi mkewe sikuambiwa. Wewe uliambiwa, ukacheka.

Ofisi imefungwa. Hataki kutoka nje. Sijui nimalizieje barua hii, kwa hiyo naiacha hapa.

Mary


Mwanza
19 Septemba 1997

Wifi Mary, na Humphrey,

Wifi, najua ni wewe utakayemsomea. Msomee hata kama unanichukia. Una haki.

Humphrey, sina utani leo. Nimekaa na barua ya Mary siku tatu sijafungua darasa. Uliniambia wazi, kwa lugha ninayoijua, ukanisihi, na mimi nikachukua kalamu nyekundu nikahesabu koma. Nilikutaka uwe yule aliyekuwa anakunywa uji. Ingekuwa uongo ningefurahi, ndiyo maana nikaamua ni uongo.

Jana niliwatoa wanafunzi nje. Nikajifunga kanga machoni nikakaa mbele ya Windows. Nimeisomesha mwaka mzima, najua kila kona yake. Nilishika kipanya. Nusu saa, Humphrey. Sikuweza hata kufungua karatasi ya kuandikia. Halafu nikasogea kwenye ile ya zamani, ileile niliyowaonyesha wanafunzi wakaicheka, nikaiwasha. Ikalia mara moja. Vidole vyangu vikakumbuka vyenyewe. Nikaandika jina lako, nikahifadhi, nikatoka, nikarudi, nikalikuta. Nikavua kanga nikalia.

Niliwaambia watu ipi ni bora kwa mtu wa kawaida kana kwamba mtu wa kawaida ni mmoja. Sikuwahi kuuliza ni nani.

Sijafuta kitu humo. Orodha zako zote zipo, ya mwaka huu iko ya tatu kama ulivyoiacha. Asheri anakurudishia mashine yako wiki ijayo. Safari hii nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine.

Msamaha sijui unaombwaje kwa kitu kama hiki. Vidole vya Gregori navyo ni vyangu. Nimemwandikia yeye pia, na Mwanamkasi.

Eva


Mwanza
6 Januari 1998

Kwa wifi yangu Mary,

Mvua hizi zimekata barabara, kwa hiyo sijui kifurushi hiki kitachukua siku ngapi. Ndani yake kuna barua mbili. Hii ni yako, isome peke yako. Ile nyingine imekunjwa ndogo, msomee yeye.

Barua ya Humphrey ilinifikia mkesha wa mwaka mpya. Anuani ilikuwa mwandiko wa mtu mwingine, nadhani wa Yahaya. Nimeifungua. Karatasi tatu, nyeupe kabisa. Nilizigeuza, nikazitazama kwenye mwanga, nikadhani amenipa adhabu ninayostahili. Halafu nikapitisha kidole nikasikia vijinundu. Utepe wa printa umekauka, wifi. Ilikaa bila kufanya kazi miezi ile mliyofunga, na joto la Same unalijua. Sindano zimepiga lakini wino hakuna. Alichapa, akazitoa, akakunja, akabandika, hakujua.

Nikachukua penseli nikasugua juu juu kama watoto wanavyonakili sarafu. Ikanichukua siku mbili. Mahali pengine hapajatoka. Nakuandikia yaliyotoka:

"Same, 9 Desemba 1997. Kwa Eva, Mchagga mwizi, uliyerudisha mali ya watu baada ya kuona kesi inakuja. Sitakupeleka mahakamani, nauli yenyewe umenimalizia. Mashine imefika, inanuka dagaa. Nimeiwasha, imelia mara moja. Nilikaa nikaisikiliza kwanza. Tundu nililokuambia limeziba mwezi wa kumi, sasa ni kioo cheusi na mimi mweusi, tunaelewana."

Hapo mistari kadhaa haisomeki. Halafu:

"Nimefungua ofisi. Usiniwazie. Wateja wamerudi wote, jana walikaa mpaka kwenye ngazi, Yahaya amebaki anapiga miayo na njiwa wake. Wazee wa ndiva nao wamerudi. Kutwa nachapa, vidole vinauma. Mwambie na yule mama wa samaki."

Na mwisho, chini ya ukurasa wa tatu: "Nitukane ukijibu. Nimekukumbuka."

Wifi, nimekaa nikalifikiria hili. Kama utepe umekauka na yeye hajui, basi hakuna mteja hata mmoja aliyempa kazi tangu mashine irudi. Mmoja tu angemwambia, mzee, karatasi yako haina maandishi. Anafungua mlango wa bluu asubuhi, anakaa kutwa, anafunga. Wewe uko shambani, hujui. Anachapa peke yake mule ndani.

Nimefunga tepe mbili kwenye nailoni. Naomba unisaidie, sina mwingine wa kumwomba. Ijumaa anapofunga mapema kwa ajili ya Sabato, mwambie atangulie, wewe unabaki kufagia. Inua kifuniko cha printa, utaona kiboksi cheusi chembamba, kivute juu kwa vidole viwili. Kipya kinaingia hivyohivyo mpaka kilie. Asisikie. Usimwambie kamwe.

Mwongo nimekuwa mimi sasa. Na zile karatasi nyingine nilizotia ni kazi ya kuchapwa. Zimeandikwa kwa mkono wangu. Utakaa kwenye kiti cha mteja umsomee kwa sauti.

Wifi yako,
Eva


Mwanza
6 Januari 1998

Kwa Mpare, mla makande, mchimba ndiva kwa kijiko,

Barua yako imefika. Imesomeka neno kwa neno, wino mweusi ti, koma zote mahali pake. Nimeibandika ukutani darasani, wanafunzi wanaisoma. Umenitukana mara tano. Nimehesabu, nikalala usingizi.

Kwa hiyo wateja wamejaa mpaka kwenye ngazi? Sishangai. Huyo Yahaya na njiwa wake atarudi Dar kwa miguu. Ila usijivune sana, maana sasa na mimi nakuja kukuongezea kazi.

Nimeandika kijitabu cha wanafunzi, kurasa arobaini, juu ya DOS na Windows, ipi imfae nani. Mwandiko wangu unaujua, msomaji akikwama wewe uliyeuzoea utamkisia neno. Mary atakusomea, nisije nikakosewa neno langu. Mahali nilipoandika kuhusu mtu asiyeona nimeacha ukurasa mzima mtupu. Ujaze wewe. Mimi silijui hilo.

Usinifanyie upendeleo kwa kuwa mimi ni mtani. Wazee wa ndiva wamalize kwanza, na yule wa Kisiwani, na wote walioko kwenye ngazi. Nitangoja zamu yangu.

Eva